Nywele Zilizoshindwa na Hereni

Wewe uliyeambiwa juzi kwamba dawa zitakumaliza nywele zote kichwani, vuta kigoda ukae karibu. Habari za ndani za ugonjwa sitakueleza, hizo madaktari wamezisomea. Mimi nimesuka vichwa vya wanawake wa Tabora kwa miaka ishirini na miwili. Nikaumwa, nikawa kipara, nikaota nywele nyembamba kama za mtoto mchanga, na kwa kutaka kuzijaza haraka nikajiaibisha mbele ya wakwe. Leo nacheka. Nataka na wewe ufike kwenye kucheka.

Naitwa Mwajuma, ingawa mtaani ni Mama Rehema tu. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Na nilikuwa na nywele, jamani! Nyingi, nzito, zilizovunja vitana. Mteja akisita mlangoni nilikuwa navua mtandio tu, anaingia mwenyewe. Kwetu watu wanaamini mkono wa msusi. Kuna mwenye mkono wa kukuza, akikusuka nywele zinarefuka, na kuna mwenye mkono wa kukata, akikugusa zinapukutika. Mimi wangu ulikuwa wa kukuza, na nilijisifu bila haya. Binti yangu Rehema nilimwahidi tangu akiwa mdogo, nikimsuka amekaa katikati ya magoti yangu, kwamba kichwa chake cha uharusi sitamwachia mtu mwingine.

Uvimbe niliugusa nikioga, maembe yakianza kuiva. Pale Kitete, hospitali ya mkoa, wakanipima wakanituma Mwanza, na Mwanza wakalitaja bila kuzunguka: saratani ya titi. Nikapasuliwa. Halafu nikapangiwa dripu sita za dawa kama hizo zako, moja kila baada ya wiki tatu. Tangu hapo sikuhesabu miezi, nilihesabu dripu. Ya kwanza maembe yamejaa sokoni. Ya tatu akina mama wanauza uyoga barabarani. Ya sita karanga mbichi zimeshafika.

Mume wangu ni fundi cherehani, mtu ambaye ukimpa maneno kumi anakurudishia mawili. Tulikuwa tunaondoka na basi la alfajiri siku moja kabla ya dripu, tunapitia Nzega, yeye kakumbatia chupa ya uji na mimi nimekumbatia ndoo ndogo yenye mfuniko, maana kutapika hakuchagui kituo. Safari ya kwanza baada ya nywele kutoka, baridi ya dirishani ilinipiga kichwa mpaka meno yakagongana. Akavua kofia yake, ile aliyoidarizi mwenyewe ya kuendea msikitini, akanivika juu ya mtandio. "Imekukaa," akasema. Mimi nililia kimya kimya kwa furaha, kwa sababu wiki mbili nzima alikuwa hanitazami kichwani, nami nilidhani ananiona kinyaa. Kumbe alikuwa anaogopa mimi nitaona kwamba ameona.

Nywele zenyewe zilianza kutoka baada ya dripu ya pili. Niliamka, mto una nywele kuliko mimi. Nikaenda saluni, nikafunga mlango, nikachukua mashine nikajinyoa mwenyewe nikijitazama kwenye kioo changu kikubwa. Nikiwa msusi nilijua namna ya kunyoa vizuri, kwa hiyo hata sikujikata. Niliumia vibaya mno. Siwezi kukudanganya kwamba niliwaza, ah, nywele ni nywele tu, muhimu uzima. Kwangu nywele zilikuwa kazi, jina, na ahadi kwa mwanangu.

Aliyeniinua ni mwanamke wa Goweko, mkulima wa tumbaku, Mmoraviani, tuliyekutana kwenye benchi la kungojea Mwanza. Anaitwa Mama Pendo. Benchi lile lilikuwa gumu, na kungojea kwake ndio usiseme: unafika saa moja, unaitwa saa sita. Asubuhi ile aliketi pembeni yangu akanisalimu Kinyamwezi, "Mwangaluka," kama tumekutana shambani. Nikaitikia. Akanitazama usoni kwa makini.

"Dada, nyusi zako zimekwenda wapi?"

"Zilipokwenda zako."

Akashika uso. "Kumbe na mimi! Nyumbani mume wangu hajaniambia!"

Tulicheka mpaka nesi akaja kuuliza kuna nini. Baada ya hapo kila dripu nilikwenda na penseli yangu ya wanja, namchora nyusi Mama Pendo halafu najichora mimi. Mara moja nilimchora moja juu kuliko nyingine, akashinda siku nzima anaonekana ameshangaa. Yeye alikuwa anaimba nyimbo za kwaya chini chini, mimi navuta tasbihi, na dripu inashuka tone kwa tone. Ukipata mtu wa kucheka naye pale kwenye benchi, mshike.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Majirani hawakunitupa, nisiwasingizie. Walileta uji, maziwa, machungwa, kuku wa supu. Mama yangu, Bi Salama, alikuja kwa treni kutoka Usoke kuniuguza, akahamia moja kwa moja. Lakini wateja wangu waliokuja na supu kwa mlango wa uani, vichwa vyao walivipeleka kwingine. Nani akasukwe na kipara? Mkono wa kukuza umegeuka mkono wa kukata, ndivyo walivyosema, na mimi nilijua wanasema kwa sababu mwaka mmoja kabla ningesema hivyo hivyo juu ya msusi mwingine.

Dripu zikaisha. Mwezi wa tano, wakulima wanaleta tumbaku mjini, nikapapasa kichwa nikakuta vinyweleo. Nikaita nyumba nzima! Mume wangu alileta tochi mchana. Zilikua polepole, laini ajabu, kila unywele peke yake, ngozi inaonekana katikati. Ukipuliza zinalala. Kwangu zilikuwa dhahabu, nilizihesabia siku.

Mama Pendo alifika Tabora mwezi wa saba, naye ana zake hivyo hivyo, akakaa kwenye kiti changu. Kichwa cha kwanza katika miezi minane! Nitakwambia nilichomfanyia, kwa sababu na wewe utakihitaji. Nilimwosha, nikamkausha akiwa ameinamisha kichwa, ili nywele zisimame kutoka kwenye ngozi. Mafuta sikupaka mzizini, maana nywele nyembamba ukizishindilia mafuta zinagandamana na kulala. Nikapunguza ncha zikawa sawa, kwa kuwa ncha zilizochakaa ndizo zinazotangaza uchache. Halafu nikafunga uzi mweusi, mafungu madogo, bila kukaza hata kidogo, nikamwacha anywe chai na mama. Nilipofungua nikachambua kwa vidole, kitana nikakiweka mbali. Na ule mstari wa kugawa nywele sikuunyoosha, niliupindapinda, ngozi ikapata pa kujificha. Mama Pendo akajitazama kwenye kioo akasema, "We! Huyu ni nani?" Zilionekana mara mbili ya zilivyokuwa.

Sasa sikia upumbavu wangu. Nilimfanyia mwenzangu sawasawa, halafu mimi mwenyewe, fundi, nikafanya kosa ambalo mwanafunzi wa saluni anakatazwa wiki ya kwanza.

Rehema alikuwa ameposwa na kijana wa sonara, na siku ilifika wanawake wa upande wa mume waje nyumbani tukubaliane mambo ya harusi. Kiongozi wao alikuwa mama mkwe mtarajiwa, Bi Shamsa, mke wa sonara, mwanamke anayeheshimiwa mji mzima, na nywele zake, wallahi, zinafika kiunoni. Nilimwogopa. Sikutaka anikute na vinyweleo. Uzi nao niliona hautoshi, nilitaka kichwa kijae kama zamani. Nikachukua wiving nene, nywele za bandia, nikaibandika kwa gundi, mistari mitano, juu ya nywele za miezi mitatu. Mama alinikuta mbele ya kioo.

"Unafanya nini?"

"Najaza."

"Hizo zitabeba mzigo huo?"

"Mama, hii ndiyo kazi yangu."

Akaguna akaondoka.

Wageni wakaja. Mimi nilikuwa nimeshinda kwenye moshi na mvuke wa vitumbua na chai ya maziwa, kichwa kinatoka jasho, na gundi ile haipendi joto. Nikaingia na sinia. Bi Shamsa ananizidi umri, kwa hiyo nikainama kwa adabu zote. "Shikamoo dada." Kabla hajasema marahaba, mstari wa mbele ukateleza ukaanguka juu ya vitumbua, puu.

Bi Shamsa akauinua kwa vidole viwili, polepole, akaunyoosha kwangu.

"Mama Rehema, hii yako?"

"Yangu," nikasema. Ningesema nini?

Jioni mume wangu alinisaidia kubandua iliyobaki kwa mafuta, saa nzima, na nusu ya nywele zangu zilitoka na gundi. Miezi mitatu yangu, dada! Nikabaki na mabaka. Siku ya tatu Bi Shamsa akarudi peke yake, akakaa, akazunguka na habari za hali ya hewa, mwisho akafika.

"Mama Rehema, usinielewe vibaya. Kichwa cha bibi harusi kinatazamwa na watu wengi. Sisi tutampeleka kwa msusi mwingine, wewe upumzike."

"Sijachoka, dada."

"Najua. Lakini watu wanasema mkono..." Hakumaliza, akanywa maji. Hata mimi nilikuwa nimeanza kuuogopa mkono wangu. Rehema alisema hataki msusi mwingine, akalia, lakini anakwenda kuishi kwa yule mama. Ningemwingizaje kwenye ndoa kwa ugomvi wa kwanza juu yangu?

Mama alikuwa jikoni, kasikia yote. Alipotoka alikuja kunishika kichwa, akayapapasa yale mabaka.

"Mwana wane, mwanangu, zinyoe."

Nilimrukia. "Zipi? Hizi? Unajua nimezingoja vipi?"

"Rehema alipozaliwa, nywele zake tulizifanyaje?"

Unajua desturi. Mtoto siku ya saba ananyolewa nywele alizotoka nazo tumboni, zinapimwa, uzito wake unatolewa sadaka ya madini ya fedha, nywele zinazikwa. Nikamwambia ndiyo, tulimnyoa, kuna nini?

"Hizi zako ndizo zile zile. Umezaliwa upya, na hatujakunyoa."

"Mama, nina miaka arobaini na sita."

"Ndiyo nasema umechelewa."

Alikwenda hadi kwa shehe. Shehe akamwambia, "Bi Salama, hilo ni la watoto. Lakini kama mnatoa sadaka kwa kupona kwake, toeni, na pilau msinisahau." Mama akalichukua hilo kama ruhusa ya kila kitu. Nilikataa siku nne. Siku ya tano nilijitazama kwenye kioo, mabaka pale pale, wiki mbili kabla ya harusi, nikajua hata nikizing'ang'ania hazijazi kitu. Nikakubali. Niliogopa sana, lakini nilikubali.

Akaalika wanawake wa mtaa, wengi wao wateja wangu waliohama. Na Bi Shamsa akaombwa aje na ile mizani ndogo ya mumewe, ya kupimia dhahabu, yenye visahani viwili. Hakuweza kukataa, mkwe kaitwa kwenye sadaka. Uani palikuwa pamejaa, wanawake watupu, mitandio mabegani, pilau inanukia. Mama Pendo naye alikuja toka Goweko na chupa ya asali. Yeye ndiye aliyeninyoa, kwa wembe, huku akiimba chini chini kama kule kwenye benchi. Nywele zote zikakusanywa kwenye leso nyeupe. Kidonge kidogo tu, ungekimeza bila maji.

Mama akatoa fedha yenyewe: hereni moja ya Rehema ya utotoni. Bi Shamsa akasimamisha mizani juu ya meza. Akaweka hereni huku, nywele zangu kule. Hereni ikashuka mpaka chini, taa! Nywele zangu zikabaki juu hewani.

Wakaanza kucheka, na mimi nikacheka, maana ilichekesha kweli. Miezi yote ile, kisha hereni ya mtoto inanishinda.

"Nilete kipande kidogo zaidi?" Bi Shamsa akauliza.

"Kupunguza sadaka?" Mama akashangaa kama ametukanwa. "Hapana. Fedha ibaki. Tuongeze nywele."

"Za nani?"

"Za mtu yeyote anayefurahi kwamba mwanangu mzima. Lakini akate Mwajuma mwenyewe, sadaka ni yake."

Ndipo nilipoelewa anachoomba. Anawaomba wanawake waliokimbia mkono wangu wauinamie, mbele ya watu. Rehema akawahi, akakaa, nikamkata ncha. Mama Pendo akanipa zake tatu nne, ndizo alizonazo. Mama akatoa mvi. Kisahani kikatikisika, hakikushuka. Halafu hakusogea mtu mwingine. Wanawake wanatazama pilau, wanatazama watoto wao, wanatazama chini. Nimesimama na mkasi, kipara kinang'aa juani, na sijawahi kujiona uchi namna ile hata kwenye chumba cha upasuaji.

Bi Shamsa akaitazama mizani yake. Akafungua pini. Nywele zile zote zikashuka mgongoni, wanawake wakasema "Aa!" kwa pamoja. Akaja akakaa kwenye kigoda mbele yangu.

"Kata," akasema.

"Dada, si lazima."

"Mimi mwenye mizani nitaondokaje haijakaa sawa? Kata, Mama Rehema."

Nikashika fungu dogo la mbele nikakata. Nikaliweka kwenye kisahani. Kikashuka, taratibu, kikakaa sawa na hereni, hakichezi tena upande wowote.

Vigelegele! Uani palilipuka. Ghafla kila mtu ana nywele za kutoa, wakapanga foleni, "na mimi, na mimi", kisahani kikajaa mpaka Mama akaenda ndani kuleta hereni ya pili. Nilikata vichwa vya mtaa mzima siku ile huku machozi yananidondoka kwenye visogo vyao. Baadaye sana, nikitafuta uzi kwenye kikopo cha mama, nilikuta kipini cha puani cha fedha, chepesi mno, ambacho kingetosha kabisa kwa nywele zangu peke yake. Nikamuuliza. Akaniambia nimrudishie kikopo chake.

Bi Shamsa ndiye aliyeondoka wa mwisho, kabeba mizani yake. Mlangoni akashika nywele za mbele, akapapasa pale nilipokata.

"Umenikata upogo."

"Nisamehe, dada, mkono ulitetemeka."

"Sitaki samahani. Ijumaa ukimaliza kumsuka Rehema, unanitengeneza na mimi."

Ijumaa nilimsuka mwanangu. Alikaa katikati ya magoti yangu, mtu mzima, miguu mirefu imejaa chumba. Nywele zake, sikuwahi kukwambia, ni nyembamba, kazichukua kwa baba yake. Zamani ningezivuta, ningezishindilia nywele za bandia mpaka zikaze. Safari hii nilifunga uzi, nikapinda mistari, nikaacha wepesi wake ufanye kazi. Alipoinuka, Bi Shamsa alimzunguka mara mbili akitafuta kasoro. Hakuipata, akakaa yeye. Harusini nilicheza kipara wazi, kati ya wanawake wenzangu, na mume wangu alinisubiri nje na kofia kwa ajili ya baridi.

Nywele tulizizika nyuma ya bafu, zangu na zao pamoja. Sasa maembe yamerudi mara mbili. Usidanganywe kwamba ukinyoa zinarudi nene. Zangu zilirudi nyembamba vile vile, na bado naenda Mwanza kupimwa, na usiku wa kuamkia kipimo bado navuta tasbihi mpaka alfajiri. Wewe zako zikirudi, zipe miezi kabla hujazibebesha chochote, na gundi iache dukani. Osha, kausha ukiwa umeinama, funga uzi legelege.

Na mteja akisita mlangoni, bado navua mtandio. Anazitazama zilivyo chache, anatazama nilivyozisimamisha, ananitazama mimi. Halafu anaingia.